Kiwanda kinapobadili programu, kumbukumbu za mkulima zinabaki wapi?

MISIMU kadhaa iliyopita, chama kimoja cha msingi cha wakulima wa miwa kiliniita kikitaka nikisaidie hesabu. Wanachama walikuwa na stakabadhi zao za malipo mkononi na swali lao lilikuwa moja tu: kwa nini kiwango cha sukari katika miwa yao kilishuka kwa wiki tatu za katikati ya msimu, kisha kikapanda tena kana kwamba hakuna kilichotokea? Mvua haikunyesha wiki hizo. Mbegu ilikuwa ileile, na malori yalifika kiwandani ndani ya muda uliokubaliwa. Mwenyekiti, mzee mpole ambaye peni yake hukaa sikioni muda wote, aliniambia: "Ndugu mtaalamu, sisi hatusemi tumeibiwa. Tunaomba tuonyeshwe."

Tukaandika barua kiwandani. Jibu lilikuja baada ya siku kumi, tena kwa lugha ya heshima. Kompyuta iliyokuwa inakusanya takwimu za mitambo iliharibika katikati ya msimu ule, ikafungwa nyingine yenye programu mpya, na programu hiyo mpya haiwezi kufungua mafaili ya ile ya zamani. Kilichobaki cha nyuma ni wastani wa kila wiki uliochapwa kwenye karatasi. Tarehe ya kufungwa programu mpya ilikuwa imetajwa kwenye barua. Ilikuwa siku mbili kabla ya wiki ya kwanza kati ya zile tatu.

Sisi wachumi wa kilimo tulifundishwa chuoni habari za bei, mbolea, mikopo na masoko. Hatukufundishwa habari za programu zinazokaa kati ya kipimo kilichofungwa kwenye bomba la kiwanda na namba inayoandikwa kwenye stakabadhi ya mkulima. Lakini kwa miwa, na kwa kiasi fulani kwa maziwa na chai, hapo ndipo sehemu ya bei inapoamuliwa. Ndiyo sababu nawaomba wasomaji wa kurasa hizi wanivumilie leo niwapeleke kidogo kwenye chumba cha kuongozea mitambo.

Tuanze na hesabu. Katika maeneo kama Kilombero mkulima wa nje halipwi kwa uzito peke yake. Kiwango cha sukari iliyomo kwenye muwa nacho kinahesabiwa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba tani moja yenye sukari asilimia 10 inalipwa Sh120,000, na bei inapanda au kushuka kwa uwiano. Mkulima aliyepeleka tani 40 akiandikiwa asilimia 9.5 badala ya 10, anapungukiwa Sh6,000 kwa kila tani, yaani Sh240,000. Hizo ni ada, au mifuko kadhaa ya mbolea ya msimu unaofuata. Na nusu ya asilimia ni kitu ambacho hakuna mkulima anayeweza kukiona kwa macho wala kukionja kwa ulimi.

Kiwango hicho kinapatikanaje? Lori hupimwa likiwa limejaa, kisha likiwa tupu. Sampuli ya miwa huchukuliwa na kukamuliwa, na maabara hupima vitu viwili katika juisi: jumla ya vilivyoyeyuka, maarufu kwa jina la briksi, na sukari yenyewe, kwa kifaa kinachotazama jinsi sukari inavyougeuza mwanga unaopita ndani yake. Wakulima wengi wanafahamu mpaka hapo. Wasichofahamu ni kwamba katika viwanda vingine, na hiki ninachokieleza ni kimojawapo, matokeo ya sampuli za mkulima mmoja mmoja husawazishwa na hesabu ya kiwanda kizima.

Mantiki yake ni nzuri. Sukari iliyoingia na miwa lazima ionekane mahali fulani: kwenye magunia, kwenye molasesi, kwenye makapi yanayochomwa katika boila, kwenye tope la mchujo, na sehemu ndogo hupotea bila kujulikana ilikokwenda. Kwa hiyo kiwanda hupima usiku na mchana kiasi cha juisi kinachopita kwenye mabomba, maji yanayoongezwa, na sukari iliyobaki ndani ya makapi. Hesabu hiyo ikisema miwa yote ya wiki ile ilikuwa na sukari kidogo kuliko sampuli zilivyoonyesha, viwango vya wakulima wote hurekebishwa kushuka. Maana yake ni kwamba kipimo cha mtiririko wa juisi, chuma kilichofungwa kwenye bomba ambako mkulima hafiki, kina sauti katika malipo yake. Na programu inayokisoma kipimo hicho ina sauti pia.

Kalamu, karatasi na kompyuta

Kizazi cha kwanza cha ukusanyaji takwimu viwandani hakikuwa na kompyuta. Kulikuwa na karatasi ya duara iliyozungushwa na saa, mzunguko mmoja kwa siku au kwa wiki, na kalamu yenye wino iliyopanda na kushuka kufuata joto au mgandamizo. Katika viwanda vya maziwa, karatasi hizo ndizo zilizokuwa ushahidi kwamba maziwa yalifikia nyuzi 72 kwa sekunde 15 kama inavyotakiwa katika njia ya kuchemsha kwa mfululizo. Msimamizi wa zamu alizitia sahihi na kuzifungia kabatini. Zilikuwa na kasoro nyingi: wino ulikauka, karatasi ilichanika, na hakuna aliyekuwa na muda wa kujumlisha mistari ya mwaka mzima. Hata hivyo, karatasi ya mwaka 1960 unaweza kuisoma leo bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote.

Mabadiliko yalianzia kwenye viwanda vya magari vya Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati ya swichi za umeme yaliyolazimu kufungwa upya kila muundo wa gari ulipobadilika. Kampuni ndogo ya Bedford Associates, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ilileta kompyuta ngumu ya kuendesha mitambo iliyoitwa Modicon 084. Vifaa vya aina hiyo sasa vinajulikana kwa kifupi PLC, na vimejaa katika viwanda vyetu vya sukari, bia, saruji na mafuta ya kula. Mwaka 1979 Modicon ilitangaza hadharani lugha ya vifaa vyake, Modbus, mtu yeyote aitumie. Lugha hiyo imeshapita umri wa miaka 40 na bado inazungumzwa. Nitairudia baadaye, kwa sababu katika mambo haya kilicho wazi huishi kuliko kilichofichwa.

PLC huendesha mitambo lakini kumbukumbu yake ni fupi. Kazi ya kukumbuka ilichukuliwa na aina nyingine ya programu. Mwaka 1980 J. Patrick Kennedy alianzisha huko California kampuni ya Oil Systems, iliyokuja kuitwa OSIsoft, na programu yake ya PI ikawa daftari kuu la viwanda vya mafuta, umeme, karatasi na vyakula. Kwa mara ya kwanza meneja aliweza kuuliza joto la mtambo fulani lilikuwa kiasi gani saa nane usiku, siku fulani, miaka miwili iliyopita, na akajibiwa.

Hapa kuna jambo ambalo nilipoelezwa na fundi mmoja sikuamini mpaka aliponionyesha. Programu hizi hazihifadhi kila kinachopimwa. Enzi hizo diski ilikuwa ghali mno, hivyo zilibuniwa njia za kubana takwimu. Mojawapo, iliyopewa hataza mwaka 1987 kwa kampuni ya Foxboro, hufanya kazi hivi: maadamu vipimo vinafuata mstari mmoja, programu inavitupa vya katikati na kubakiza ncha mbili. Inaandika alama mpya pale tu mstari unapopinda kupita kiasi kilichowekwa. Na hicho "kiasi kilichowekwa" hakikutoka mbinguni. Kiliwekwa na mhandisi fulani, siku ya kufunga programu, pengine saa kumi jioni gari la kumrudisha mjini likiwa linangoja. Akiweka kiasi kikubwa, mashaka madogo yote yanafutika na mchoro unakuwa mzuri wa kutazamwa. Diski sasa ni rahisi, lakini tabia ya kubana imebaki, na viwanda vingi bado vinatumia vipimo vya kubana vilivyorithiwa kizazi hadi kizazi bila mtu kuuliza vimetoka wapi.

Windows yaingia kiwandani

Mwaka 1987 ilianzishwa, huko California pia, kampuni ya Wonderware. Programu yake ya InTouch ilifanya jambo lililochekwa na wahandisi wengi wa wakati huo: iliweka picha za mitambo kwenye kompyuta za kawaida za ofisini zenye Windows. Waliocheka waliona kompyuta ya karani haiwezi kukaa karibu na boila. Soko likaamua vinginevyo, kwa sababu bei ilikuwa sehemu ndogo ya mifumo ya zamani. Kwa nchi kama zetu, kizazi hiki ndicho kilichofungua mlango. Kiwanda cha kati kiliweza kununua kompyuta mbili, leseni moja, na kumlipa fundi wa kuifunga.

Tatizo likawa lugha. Kila mtengenezaji wa PLC alikuwa na lugha yake, na kila programu ilihitaji kiungo chake kwa kila lugha. Mwaka 1996 watengenezaji kadhaa walikubaliana juu ya utaratibu mmoja ulioitwa OPC: kila kifaa kiwe na mkalimani mmoja, na programu zote zizungumze na mkalimani huyo. Ulikuwa ukombozi mkubwa. Lakini mkalimani mwenyewe alijengwa juu ya sehemu moja ya ndani ya Windows inayoitwa DCOM, na hapo viwanda vya dunia nzima vikajifunga kamba bila kujua. Windows ilipobadilika, viwanda vilitikisika. Toleo la usalama la Windows XP la mwaka 2004 lilifunga milango ya mtandao iliyokuwa wazi, na mawasiliano ya OPC katika viwanda vingi yakakatika. Wapo mafundi walioyarudisha kwa kuifungua milango yote, jambo lililokuwa sawa na kuvunja ukuta kwa sababu funguo imepotea. Mwaka 2010 ulipogunduliwa uharibifu uliofanywa na kirusi cha Stuxnet kwenye mashine za kurutubisha urani nchini Iran, dunia ilifahamu kwamba kompyuta ya kiwandani nayo inaweza kuvamiwa. Msaada kwa Windows XP ulikoma Aprili 8, 2014. Kuanzia Juni 2021 Microsoft ilianza kuibana DCOM kwa awamu, na Machi 14, 2023 ikaondoa kabisa uwezekano wa kuurejesha utaratibu wa zamani kwa kompyuta zinazopokea masahihisho yake. Aliyekuwa bado na mkalimani wa mwaka 1996 alilazimika kuchagua: akatae masahihisho ya usalama, au anunue upya.

Kizazi kilichofuata, OPC UA, kilianza kutolewa katikati ya muongo wa 2000 na hakitegemei Windows. Ni hatua nzuri. Lakini tazama hesabu ya umri: kinu cha kukamulia miwa hudumu miaka 30 au zaidi kikitunzwa, mizani ya magari hudumu miaka 20, PLC 15 hadi 20. Programu inayovisoma vyote hivyo hubadilika kila miaka kumi au chini yake. Katika maisha ya kinu kimoja, kumbukumbu zake zitahamishwa mara tatu au nne, kutoka kwenye faili la kampuni hii kwenda la kampuni ile. Kila kuhama ni nafasi ya kitu kudondoka njiani.

Kampuni zenyewe nazo huhama. Wonderware ilinunuliwa na Siebe ya Uingereza mwaka 1998, mwaka uliofuata Siebe ikaungana na nyingine na kuwa sehemu ya Invensys. Mwaka 2014 Invensys ikachukuliwa na Schneider Electric ya Ufaransa, na mwaka 2018 biashara ya programu ikaunganishwa na AVEVA. OSIsoft nayo, iliyosimama peke yake miaka 40, iliingia AVEVA mwaka 2021 kwa thamani ya dola za Marekani takriban bilioni 5. Mwaka 2023 Schneider ikakamilisha kuimiliki AVEVA yote. Hivyo nyumba mbili kubwa za fani hii sasa ziko chini ya paa moja. Sisemi kuna ubaya. Nasema tu kwamba mhasibu wa kiwanda aliyenunua programu mwaka 1996 amepokea ankara zenye majina tofauti kwa kitu kilekile, na kila jina jipya huja na taratibu zake za bei.

Bei huamua kinachopimwa

Kwa mchumi, hapa ndipo penye utamu. Kwa miaka mingi programu hizi ziliuzwa kwa idadi ya vipimo. Kila kipimo kimoja kinachoingia, mafundi wanakiita tegi, kilihesabiwa, na leseni ya tegi nyingi ilikuwa ghali zaidi. Matokeo yake yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kupanga bajeti. Kiwanda kilinunua leseni ndogo na kugawa tegi kwa waliokuwa na sauti. Boila ilipata zake, kwa sababu boila ikilipuka watu wanakufa. Jenereta ilipata zake. Mwisho wa foleni walikuwa wale ambao vipimo vyao havizuii mtambo kusimama: maji yanayoongezwa kwenye vinu, uzito wa makapi, muda ambao lori limekaa kwenye foleni kabla ya kupimwa. Kipimo hicho cha mwisho hakimsumbui mhandisi, lakini mkulima kinamuumiza, maana miwa iliyokatwa hupoteza sukari kila saa inapokaa juani. Mkulima hakukosa takwimu hizo kwa sababu mtu alimficha. Zilikosekana kwa sababu hazikununuliwa.

Mwaka 2010 kampuni ya Inductive Automation ya California ilitoa programu ya Ignition iliyouzwa kwa seva, bila kuhesabu tegi wala idadi ya wanaotazama. Uamuzi huo wa bei, kwa maoni yangu, umebadilisha mambo kuliko vionjo vyote vya picha za rangi. Mtu akishaacha kuhesabu tegi, anaanza kuuliza ni nini kingine tunaweza kupima.

Kizazi cha sasa kinakwenda mbali zaidi. Vifaa vidogo hutuma vipimo moja kwa moja kwenye seva za mbali kwa kutumia MQTT, lugha iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyowasiliana kwa setilaiti. Kwa kuwa ilibuniwa kwa njia nyembamba na zinazokatika, inafaa sana kwa vituo vyetu vya kukusanyia maziwa ambako mtandao huja na kuondoka. Inaweza kutumiwa na yeyote, kama Modbus.

Kinachonitia shaka si lugha, ni malipo. Wauzaji wengi wanaacha kuuza leseni ya kudumu na kuhamia kwenye ada ya kila mwaka, tena kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha sukari hakifanyi kazi mwaka mzima. Masika yakiingia mashamba hayapitiki na vinu hufunguliwa kwa matengenezo. Ada haisimami na masika. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni hili: tukishindwa kulipa mwaka mmoja, takwimu za miaka mitano iliyotangulia tutazisoma? Nimeona mikataba miwili ya namna hiyo. Mmoja ulikuwa na jibu.

Fundi na daftari lake

Turudi kwa wakulima wetu. Baada ya barua ile nilikwenda kiwandani pamoja na mwenyekiti na mama mmoja mweka hazina, ambaye kwa kusoma stakabadhi ni mkali kuliko wengi wenye shahada. Walitupokea vizuri. Kijana wa chumba cha kuongozea mitambo alitufungulia programu mpya, na kusema kweli ilikuwa nzuri: michoro safi, kila kitu kwa sekunde. Nikamuuliza juisi inapimwaje.

Akaeleza hivi, nami naeleza kwa sababu ndiyo kiini cha habari. Kipimo cha kwenye bomba hakitumi tani. Kinatuma umeme mdogo, kuanzia miliampea 4 hadi 20. Nne maana yake bomba ni tupu, ishirini maana yake mtiririko umefika kilele. Ni programu ndiyo inayoambiwa kilele hicho ni tani ngapi kwa saa. Ikiambiwa kilele ni tani 210, basi miliampea 12, ambayo ni katikati, inasomeka tani 105. Ikiambiwa kilele ni tani 200, umeme uleule unasomeka tani 100. Hakuna kengele italia. Mchoro utakuwa na umbo lilelile, ila umekaa chini kidogo. Na juisi ikipungua kwenye hesabu kwa karibu asilimia tano, sukari ya miwa yote ya wiki hiyo nayo inapungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kutoka 10 unafika 9.5.

Kwenye programu mpya kilele kilikuwa 210. Sawa. Lakini programu za kizazi hiki zina fadhila moja ambayo za zamani nyingi hazikuwa nayo: huandika kila badiliko, nani alibadili, lini, kutoka nini kwenda nini. Kijana akafungua orodha hiyo. Namba 210 ilikuwa imeingizwa mwishoni mwa wiki ya tatu. Kabla ya hapo ilikuwa 200.

Kiwanda kikawa na hoja yake, nayo ilikuwa na uzito. Huenda, walisema, kipimo chenyewe kilibadilishwa siku hiyo, na 200 ilikuwa sahihi kwa kipimo cha awali. Jibu lilikuwa ndani ya mafaili ya programu ya zamani, ambayo hayafunguki. Tulikaa kimya. Kisha mmoja wa mafundi akamkumbuka fundi wa vipimo aliyestaafu, aliyekuwa na desturi ya kuandika kila kipimo kwenye daftari la mstari. Ilichukua siku nne kumpata na nusu saa kuupata ukurasa. Kipimo cha juisi, namba yake ya kiwandani, tarehe ya kukisawazisha mara ya mwisho, na kilele chake: 210. Namba ya kiwandani ilikuwa ileile iliyogongwa kwenye kipimo kilichopo bombani leo.

Hakuna aliyeiba. Mtu wa kampuni iliyofunga programu, akiwa na haraka ya kurudisha kiwanda kazini msimu ukiendelea, aliandika namba ya mviringo. Mwingine aligundua baada ya wiki tatu na kuirekebisha, akaona amemaliza. Hakukuwa na utaratibu unaomtaka aseme kwa mtu yeyote nje ya chumba kile.

Baadhi ya nchi zimeshaweka utaratibu huo. Shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya programu zilizo ndani ya vipimo: sehemu inayogusa malipo itambulike, ilindwe, na kila badiliko lake liache alama. Ulaya wana maelekezo yao ya namna hiyo. Hapa kwetu Wakala wa Vipimo hukagua mizani, na wakulima wanaijua stika yake. Ningependa siku moja mkaguzi akitoka kwenye mizani aingie na chumba cha kompyuta. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zilizohifadhiwa. Uzito na kiwango cha sukari vilivyoandikwa kwa jina la mkulima, pamoja na namba yake ya simu, sioni vinawezaje kuwa kitu kingine.

Najua pingamizi la mameneja, nimelisikia mara nyingi: takwimu za mitambo ni siri ya biashara. Kwa boila na umeme nakubaliana nao. Kwa kipimo kinachoingia kwenye bei ya mwenzako, sikubaliani. Muuzaji wa nyama hafichi jiwe la mizani.

Gharama ya kuepuka haya si kubwa. Programu ya zamani na mpya ziendeshwe pamoja kwa wiki kadhaa kabla ya ya zamani kuzimwa, na hili lifanyike nje ya msimu. Vipimo vinavyogusa malipo vitolewe kila siku kwenye faili la maandishi ya kawaida, lile linalofunguka kwenye kompyuta yoyote hata ya stesheneri, na nakala moja ikae kwenye chama. Orodha ya vilele na vipimo vya kubana ichapwe na kutiwa sahihi na pande mbili.

Kiwanda kile kililipa tofauti ya wiki tatu pamoja na malipo ya msimu uliofuata, bila barua ya maelezo, na wakulima hawakuidai. Walichodai ni kifungu katika mkataba mpya. Rasimu ya kwanza ya wanasheria ilisema kumbukumbu "zitatunzwa kwa muda unaofaa". Mama mweka hazina aliikata kwa peni ya mwenyekiti, akaandika juu yake miaka saba, na kuongeza maneno manne: "kwa namna tunayoweza kuisoma". Kiwanda kimekubali miaka mitano. Maneno manne yale yamebaki. Fundi mstaafu ameombwa aje siku mbili kabla ya vinu kuanza, alipwe posho, awasomee vijana daftari lake huku wao wakiingiza namba.